Karani Ahesabu Makofi

Mvua ya Tukuyu haina haya, huingia mahakamani bila kuitwa,
hudondoka kwenye ndoo tuliyoiweka kando ya kizimba,
nami karani nashona majalada kwa sindano ya magunia.

Juma lile yaliletwa makofi mawili.

La kwanza alilipiga Gwakisa, mbeba ndizi wa Kiwira,
shavuni mwa mpwa wa diwani,
alipodaiwa ushuru mara ya tatu kwa mkungu uleule.
Kiganja kilikuwa na utomvu wa mgomba;
mpwa alionyesha doa kwenye kola, akalia.
PF3 ikaja na muhuri kabla maelezo hayajakauka wino,
na mashahidi wanne, fulana zao rangi moja.
Siku ya tisa, hukumu: miezi sita.
Gwakisa akaomba kwanza akamfungue ng'ombe,
amemfunga malishoni tangu alfajiri.

La pili alilipiga diwani mwenyewe,
mbele ya ghala la mbolea, mchana kweupe.
Alimpiga Subilaga Mwakyoma, aliyeuliza tu,
"Mifuko yetu ya ruzuku ilipita njia ipi?"
Sikio la kushoto halisikii mpaka leo.
Ukimsalimia upande ule, hudhani umenuna.

Jalada lake nililishona uzi mara mbili.
Likaahirishwa: upelelezi haujakamilika.
Likaahirishwa: shahidi amehamia Chunya.
Likaahirishwa: mwendesha mashtaka yuko semina.
Aliporudi semina, simu yake iliita mlangoni,
nami nikasikia upande mmoja wa mazungumzo:
"Ndiyo, mheshimiwa. Ni kofi tu, mheshimiwa.
Tumeelewa."

Nikafunua kitabu cha sheria kulitafuta hilo "tu".
Halimo.
Limo shambulio, imo adhabu yake,
wala hakuna kifungu kinachopima kiganja
kama ni cha kubeba mikungu au cha kupungia umati.

Sijasema bado ni nani aliyelisukuma jalada
rafu ya chini, kwenye kesi za mbuzi na mavi ya panya.
Ni mkono huu.
Nina watoto watatu, nyumba ninayopanga
ni ya shemeji yake diwani, na hakuna aliyenitisha.
Sikupewa hata mia.
Wenzangu walijiuza; mimi nilijigawa bure.

Kila Jumanne Subilaga huja na mwavuli uliovunjika ubavu,
huketi benchi la nyuma,
sikio zima ameligeuzia meza yangu.
Naita majina. Nashuka orodha hadi chini.
Anakunja mwavuli, anarudi Masoko kwa miguu.

Jana, wengine walipokwisha kutoka,
alinisogelea, akauliza bila hasira,
kama mtu anayetaka kujua saa:
"Karani, samahani.
Labda uliniita
upande huu?"