Mikunjo Niliyoikosea

Uso wa Huguette Marescot niliushika miaka thelathini na minne,
alfajiri, studio za Boulogne, kabla mkate haujaiva mjini:
mafuta kwanza, kisha poda, kisha kimya.
Ufaransa nzima ilijua jicho lile la kushoto linalochelewa kucheka.
Mimi nilijua kovu chini ya kidevu:
kigae cha sahani, Limoges, akiwa na miaka sita,
na mama yake kiwandani akizungushia dhahabu vyombo
ambavyo kwao havikuwahi kupakuliwa mchuzi.

Jina walimvua. “Marescot lanuka tanuri,” alisema mtayarishaji,
akambandika Aude Varenne. Akaitika,
ila mimi, mlango ukifungwa, nilimwita Huguette.

Filamu ya kwanza alikuwa na maneno matatu:
“Kahawa imepoa, bwana.”
Watu wakatoka gizani wakiulizana
ni nani yule aliyeleta kahawa.

Halafu mabango. Halafu Cannes, na viatu vya kuazima vilivyomtoa damu.
Mume wa kwanza mwongozaji, wa pili daktari wa farasi;
huyu wa pili alimpenda.
Kabla ya kulia mbele ya kamera
alikuwa akinikamata kidole gumba, akikaza.
“Machozi siyatafuti kwenye huzuni,” aliniambia.
“Nakumbuka bei ya makaa.”

Ana arubaini na moja, akapewa kuigiza kikongwe.
Saa tano nilimzeesha:
gundi, karatasi nyororo, penseli ya kahawia,
mkunjo huu wa ujane, huu wa kusubiri barua.
Akajitazama kiooni.
“Haya, mama,” akauambia ule uso, “tutaonana.”

Alipata tuzo. Mimi nilipata shampeni, nikainywa na dada yangu.

Kisha simu ikawa pambo la sebule.
Miaka kumi na tisa.

Juzi kijana mmoja wa Clermont akamtaka tena,
naye akasema haji bila mimi.
Nikaja na sanduku langu, vidole vinatetemeka.
“Usimpake kitu,” kijana akasema.

Basi nikamtazama, mara ya kwanza, sina kazi.
Mikunjo imekuja kweli, ila si nilipoichora.
Pale pa ujane, laini kama siagi.
Kati ya nyusi, nisipoweka hata nukta, mfereji.

“Ulinikosea,” akasema.
“Nilikukosea.”

Taa zikawaka. Mtu akaanza kuhesabu.
Mkono wake ukapapasa hewani pembeni ya kiti,
nikampa kidole gumba.