Futa

Ginter alileta kipande cha gitaa Jumanne,
sauti saba tu, zinapanda kisha zinajikwaa,
nyuzi amezilegeza hadi zinabembea
kama kamba ya kuanikia iliyochoka na mashuka.
"Kinataka maneno," akasema.
Nikamwambia kwanza kinataka mahali pa kupumulia.
Tukabishana. Hivyo ndivyo tunavyotunga:
mmoja anavuta, mwingine anakata,
na Alojz, katoka zamu ya usiku,
anasinzia nyuma ya ngoma zake,
machoni wanja wa makaa
usiokubali sabuni.

Bytom, mji wetu, umesimama juu ya mashimo.
Babu zetu walichimba, baba zetu wakachimbua,
sasa nyumba zimeegemeana kama walevi
na mlango wa chumba cha mazoezi
haufungi tangu Februari.
Huko Warsaw wanatuita bendi ya chini ya ardhi.
Alojz hucheka mpaka akohoe.
Chini ya ardhi yeye anapajua:
mita mia tisa,
nyuzijoto thelathini na mbili,
mkate mfukoni, na panya aliyempa jina.

Tulirekodi katika bafu la zamani la wachimbaji,
ambako minyororo ingali inaning'inia darini
na kulabu zilizobeba nguo za watu mia nne.
Maikrofoni mbili, moja ya kuazima.
Mashine ya kanda ya mjomba wake Ginter,
ikipata moto inanuka vumbi.
Mimi na besi yangu, miguuni soksi tupu,
sakafu isije ikanichongea.
Mara ya sita ndiyo iliyokaa.
Hakuna aliyesema; jambo hilo unalijua tu,
kama ujuavyo chungu kimeiva
kabla hujafunua.
Na hapo, katikati ya ubeti wa tatu,
ardhi ikaitikia.

Si kishindo. Jitu limegeuka usingizini.
Minyororo yote ikalia kwa pamoja,
vigae vikapukutika, taa ikayumba,
na mkanda ukazidi kuzunguka
ukinywa kila kitu.

Tukaurudisha. Tukasikiliza.
Hakuna amplifaya ambayo ingetupa sauti ile.
Vinyweleo vilinisimama, nami, nakiri,
nilitaka tuiache palepale.
Ginter alishaanza kuzungumzia jalada.

Alojz ameshika simu. Hapigi. Anaingoja.
Zamu ya mchana. Shemeji yake.
Yule mtoto wa kina Kuczera, miaka kumi na tisa,
aliyeomba tumfundishe kupiga ngoma mbili za miguu.
Dakika arobaini.
Hatukugusa chombo.
Simu ilipolia akasema ndiyo, ndiyo,
ndiyo,
akaketi sakafuni kama mzigo ulioshushwa.
Wote wamepanda juu. Mmoja kavunjika kidole.

"Basi tunaweza..." Ginter akaanza.
"Futa."
"Lakini hakuna aliyekufa."
"Leo," akasema Alojz. "Futa."

Ginter alifuta.
Nilimwona akigeuza uso ukutani
kitufe kilipolia tak.

Aprili tukaenda Ostrava, Brno, Košice,
ndani ya gari la mikate la mke wa Alojz;
tulishuka na koti za ngozi na misumari
tukinukia mdalasini.
Malipo: supu, na nusu tangi la dizeli.
Košice walikuja watu kumi na mmoja,
wanne kati yao bendi iliyotutangulia.

Katika ubeti wa tatu tunanyamaza.
Mapigo manane.
Amplifaya zinavuma zenyewe,
Alojz kainua vijiti, hapigi,
anangoja.
Mwenye ndevu mmoja akapaza sauti: "Uzi umekatika?"
Wakacheka. Tukaingia tena, wote, kwa uzito wetu wote.

Baadaye kijana mmoja akanunua kaseti.
Aliuliza ile nafasi tuliitungaje,
nani aliyebuni,
maana yeye naye ana bendi.
Ginter akanitazama.
Alojz alikuwa nje, anapakia ngoma.
Nikamhesabia kijana chenji yake,
polepole, sarafu moja moja.