Risiti

Mimi nauza sumu, Mheshimiwa, na nina leseni.
Duka langu liko Buguruni, pembeni ya sheli.
Cheti nimekitundika ukutani, fremu imepasuka kona moja,
kando yake kalenda ya benki na saa isiyokwenda.
Kila chupa imevaa stempu shingoni kama hirizi.
Asilimia arobaini: imeandikwa.
Mwisho wa kutumika: imeandikwa.
Asiuziwe aliye chini ya miaka kumi na minane,
hiyo nayo imeandikwa, na mwezi wa tatu
nilimrudisha mtoto wa Kilumbi mlangoni,
sare ya shule mwilini, noti ya elfu tano mkononi.
Akanisonya. Nikamwambia rudi baada ya miaka minne.

Mdogo wangu Shomvi hakurudishwa na mtu.

Kule Kigogo, nyuma ya banda la kuchomea vyuma,
hakuna anayeuliza kitambulisho.
Kete ni kipande cha nailoni kilichofungwa kwa moto wa kiberiti.
Ndani yake labda unga, labda chokaa,
labda vidonge vya usingizi vilivyosagwa na chupa ya soda.
Aliyeuza hajui.
Aliyemuuzia aliyeuza hajui.
Shomvi alijua, saa sita na robo mchana, kwa dakika chache,
kisha hakujua tena kitu.

Kwenye arobaini yake Mjomba Pazi alisema,
mdomo umejaa pilau:
Wakiruhusu, mtaa mzima utaharibika.
Nikamuuliza, Mjomba,
tangu lini katazo likamkosesha mtu bangi mtaani kwetu?
Misokoto miwili hufika upesi kuliko maji ya bomba.
Mama akanikanyaga mguu chini ya mkeka.
Hataki yasemwe. Mama huyohuyo
aliyenifundisha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.

Mnabishana kule bungeni kama kodi itapatikana.
Kodi ipo, Mheshimiwa. Shomvi kailipa miaka sita.
Kailipa kwa kijana wa pikipiki.
Kailipa kwa aliyevaa buti, elfu kumi, ya maji.
Siku moja Mama alikopa kikoba laki na nusu
ili jina la mwanawe lisiingie kitabuni.
Kodi ipo. Risiti ndiyo haipo.
Na fedha ile haikujenga choo cha shule hata kimoja;
imejenga ghorofa Mbezi, vioo vya bluu, mbwa wawili.

Sisemi unga upangwe rafu moja na juisi ya embe.
Nimeosha matapishi yake, nayajua.
Bangi, ndiyo, iletwe dukani: ipimwe, ibandikwe,
itozwe mpaka mnunuzi agune.
Unga uende kwenye dirisha la hospitali,
mikononi mwa nesi anayejua kusoma kipimo.
Dirisha la namna hiyo nalijua.
Miezi saba Shomvi alitembea alfajiri hadi Mwananyamala,
akinywa kikombe chake cha methadoni mbele ya nesi,
akafungua kinywa kuonyesha amemeza, kama mtoto.
Mashavu yakarudi. Akaanza kudaiwa na fundi suruali.

Halafu wakamkuta na msokoto mmoja.
Mmoja, Mheshimiwa. Nyuma ya sikio, kama penseli ya seremala.
Wiki tisa mahabusu ya Keko, bila dirisha, bila kikombe.
Alipotoka, mwili ulishasahau kiasi
ila kiu ilikuwa inakumbuka.
Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda.
Hata nyumbani hakupita.

Usiku mashine yangu inatema ripoti ya Z,
ndefu kama ulimi wa mbwa mwenye joto.
Serikali inajua nimeuza konyagi ngapi,
bia ngapi, viroba vilipokatazwa nani alikasirika.
Niite muuza sumu, sitakataa.
Lakini saa nne nafunga, kwa sababu leseni imesema.

Yule wa Kigogo hafungi.