Mizani ya Aune

Gramu kumi na mbili nukta nne, kabla ya tanuri.
Aune Hyttinen anaandika kwa penseli;
wino, anasema, hujiamini mno.
Nje, ziwa Saimaa limeganda hadi magari yanalikatiza.
Humu ndani kipimajoto kinapita mia nane.

Saa mbili. Anafungua, anangoja, anapima.
Gramu saba.
Moto huzaa majivu, ndivyo tulivyofundishwa,
huu haukuzaa kitu.
Kaboni haikuyeyuka, haikulia,
haikuacha hata vumbi la kufuta kwa kidole.
Ilishikana mkono na oksijeni
wakatokea bombani kama wageni wasioaga.

Jumatatu walijaribu shaba.
Leza ikaiyeyusha, ikang'aa,
kisha ikajikunja matone matone
kama maji juu ya jani la myugwa.
Jumatano nikeli ikashika. Aune akanunua keki.
Ilipopoa ikapasuka, tik,
kwa sauti ndogo kuliko kijiko sahanini:
metali hutanuka na kusinyaa kwa pupa,
kaboni haina haraka.
Ndoa za namna hiyo anazijua.

Leo ni kromi,
unga laini kuliko wa ngano,
na nuru nyembamba inapita mstari kwa mstari
kama mtu anayepiga pasi kola ya shati la msiba.
Pale zinapokutana
kromi inaila kaboni kidogo,
unene wa unywele, hata haufiki,
na ndani ya jeraha hilo kinazaliwa kitu cha tatu,
si huyu wala si yule,
kimewashika wote wawili.

"Kwa hiyo," anauliza Veikko, kijana wa zamu ya usiku,
"ili isiungue, sharti iunguzwe kwanza?"

Aune anavuta mkono wa sweta
ufunike kovu la jiko la sauna,
la alipokuwa na miaka sita.
Hajibu. Anapakia tanuri.

Kumi na tatu nukta moja, pamoja na joho lake.
Saa mbili. Kahawa. Theluji inagonga kioo.
Anafungua, anangoja, anapima.
Kumi na tatu kamili.
Anafuta sahani ya mizani, anapima tena.
Kumi na tatu kamili.

Veikko anapiga makofi.
Aune ameshachukua lenzi,
anautafuta mlango
ambao ile nukta moja imepitia.