Moja kwa Arobaini na Tano

Mchana nachonga meno ya watu.
Jasi, nta, moto mdogo wa spiriti:
gego la mwalimu wa Katuba,
jino la mbele la muuza samaki
anayetaka dhahabu ionekane akicheka.
Usiku, kwa zana zilezile, naunda treni.

Si ya kuchezea. Kabange, mke wangu,
mwaka wa kwanza alidhani ni ya mjukuu,
mwaka wa tatu akaacha kudhani.
Siku hizi husimama na sahani mkononi:
“Sogeza mashine yako, bukari inapoa.”
Naisogeza. Inch’i nzima ya Katanga
inahamia kwenye cherehani.

Moja kwa arobaini na tano.
Hatua ya mtu mzima kule
ni ukucha wa kidole gumba hapa.
Boila ni bomba la shaba nililolipata
kwa wauza vyuma chakavu wa Kenya,
nikalipa bila kubishana bei,
muuzaji akanitazama kwa huruma.
Magurudumu manane makubwa,
kila moja njiti kumi na mbili. Hesabu mwenyewe.
Ya tisini na sita niliivunja kwa chafya,
mwezi wa nane, vumbi jekundu likiingia chini ya mlango,
nikairudia, na iliyokuwa jirani yake,
kwa sababu nayo ilikuwa imeshtuka.

Umeme ukikatika, nangoja.
Gundi haina habari na umeme,
inakauka kwa saa yake.
Kuna mambo nimefundishwa na gundi
ambayo padri alishindwa.

Hivi nikafika, mwaka wa sita,
kwenye chumba cha dereva.
Nati zote za treni hii nazifahamu.
Nina mchoro wenye alama ya kikombe cha chai,
nina upana wa kila bamba.
Nikashika kibano, nikakiweka chini.
Baba alikuwa na urefu gani?

Picha ni moja, ameketi.
Kadi yake ya kazi ina jina, Mwilambwe,
ina namba, ina muhuri,
na pale pa alama ya pekee wameandika: hakuna.
Hakuna!
Na nani alipiga firimbi fupi mbili
akikaribia mji kutoka Kamina,
ili mama ainjike maji?

Nikampigia shangazi Numbi.
“Baba yako? Alikuwa anainama mlangoni.”
Mlango upi?
“Wa kambi ya reli, namba kumi na saba.
Kila jioni anainama kidogo,
utafikiri anausalimu.”

Jumamosi nikaenda na utepe wa kupimia.
Mwenye nyumba, mikono ina unga,
akauliza kama nimetumwa na serikali,
kama wanakuja kubomoa.
Nikasema, nampima baba.
Alinyamaza.
Akajifuta mikono kwa kitenge,
akashika ncha ya pili.

Mita moja na sentimita tisini na mbili.
Gawanya kwa arobaini na tano:
milimita arobaini na mbili na ushee.
Nilirudi nyumbani kwa miguu,
naitamka ile namba njia nzima
nisije nikaidondosha sokoni.

Kisha, usiku, nimeshaanza kuyeyusha nta:
aliinama akiwa na kofia,
au bila kofia?
Shangazi alisema “Eh, hapo sasa…”
na simu ikakata. Salio lake au langu, sijui.
Sikupiga tena.

Sasa amesimama, mkono mmoja kwenye wenzo,
macho nje ya dirisha.
Kofia nimeichonga peke yake, sikuigandisha.
Inalala kwenye kisanduku cha meno, juu ya pamba.
Usiku mwingine namvika.
Usiku mwingine namvua,
namwacha apite.