Kinyota Mahali pa Namba

Nilipeleka barua miaka thelathini na moja
katika mji huu wa matofali mekundu, Kuldīga,
na nilichojifunza ni hiki: namba ya nyumba huongopa.
Nyumba huuzwa, mtaa hubadilishwa jina kila serikali ikianguka.
Bibi Hermīne alihama mara nne bila kuvuka mto
na kadi za dada yake zilimfikia zote,
kwa kuwa nilisoma mstari wa kwanza, si wa pili.

Ilgvars, mume wangu, hakuwa mtu wa posta.
Alikuwa mtu wa vipimo: mvua, baridi, kina cha Venta,
na seva aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya kuokota,
akaiweka stoo ya chini, baina ya mitungi ya matango ya siki
na gunia la viazi.
Humo walikaa wapangaji watatu:
daftari lake la hali ya hewa,
asali ya Tālivaldis,
na kwaya ya Skaidrīte, yenye picha nyingi mno.

Kampuni ya simu haikutuuzia anwani.
Ilituazima. Usiku wa manane huichukua,
alfajiri hutupa nyingine,
kama mashuka ya hospitali.
Ilgvars aliamka, akaisoma, akaiandika ndani ya faili kwa mkono,
namba nne, nukta tatu,
akaiwasha seva upya, ndipo akanywa kahawa.
Miaka tisa. Sikumuuliza.

Alifariki Februari, theluji sentimita kumi na saba.
Hiyo niliipima mimi.

Siku ya tatu simu ikalia.
"Austra, watu wanatafuta asali yangu
wanakuta ukurasa mweupe umeandikwa: Inafanya kazi!"
Kisha Skaidrīte, tamasha lake Jumamosi:
"Nini hicho kinachofanya kazi?"

Nikashuka stoo na miwani yake.
Nikaiona faili, na ndani yake, mara tatu,
namba ya Jumanne,
imepigiliwa kama kibao kwenye nyumba iliyoungua.
Mgeni amebisha kwa namba mpya,
bawabu ametazama orodha, hakuiona,
amemwacha ukumbini peke yake.
Na mgeni alikuwa amekwisha kulitaja jina!
Kila ombi huja nalo, limeandikwa wazi;
tofauti na bahasha zangu ni kwamba humu
jina hukaa mstari wa pili.

Basi nikaifuta namba. Mara tatu.
Mahali pake nikaweka kinyota,
maana yake: njoo kwa namba yoyote, sijali,
kisha nukta pacha na themanini, mlango ule ule.
Chini yake jina la kila mpangaji, herufi kwa herufi.
(La kwaya nililikosea. Lina kistari.)
Nikatunga na tarishi, mistari sita tu:
kila dakika tano huuliza, "Leo tuko wapi?"
jibu likibadilika, hukimbia nalo kwenye daftari la majina.
Alinichukua jioni nzima na matusi ya kirusi,
maana ya kwetu hayatoshi.

Likabaki swali la nani atangulie.
Anayekuja bila jina, au na jina tusilolijua,
hupewa wa kwanza katika orodha.
"Niweke mimi," Tālivaldis alisema, "asali haimchukizi mtu."
Nikamweka Ilgvars.
Sasa waliopotea, na mashine zile za mbali
zinazojaribu kila kitasa usiku,
wote hupokewa na mvua ya miaka tisa.

Safu sijaifunga.
Jana: digrii sita chini ya sifuri,
Venta imeganda kandokando, katikati inakwenda.

Namba ikibadilika siku hizi, sijui.
Lakini naamka saa ile ile yake,
mkono unapapasa kalamu,
kisha unakumbuka, unakwenda kwenye birika.