Ghala la Vipando

Ufunguo ni wa shaba, mrefu kuliko kiganja,
na Sivakolundu huuvaa shingoni hata akioga.
Leo kaja alfajiri. Keshokutwa ni sikukuu.

Vipando vya miungu vimesimama gizani
chini ya shuka kuukuu:
fahali wa Shiva, pembe za fedha zimefubaa,
tausi wa Murugan, jicho moja lilitoka na mvua ya mwaka juzi,
tai wa Vishnu, bawa limeegemea ngazi ya fundi umeme.
Kunguru wa Shani hafunuliwi. Huyo aachwe alivyo.

Na nyuma ya madebe ya mafuta ya ufuta
panya wa Ganesha, mfenesi mtupu, kimo cha mbuzi,
hana sikio la kushoto.
Sakafuni, unga wa mti. Alama za meno.
Panya wamemla panya.

Alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa kitambaa cha bega.

Kila mwaka hakosi wa kumwuliza:
kinyama hiki kinambebaje mwenye kichwa cha tembo
na tumbo lile, na maandazi yake ya nazi?
Hujibu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Muulizeni mwenyewe.

"Tega," alisema mkewe, Vedavalli,
"ama mwakani mungu atapanda hewa."
"Nitege mlangoni pa bwana wao?"
"Bwana wao hajui bei ya mfenesi."

Akatega. Kizimba cha waya, kipande cha nazi ya kuchoma.
Usiku wa manane: tap.

Jike.
Mimba imemjaa hadi miguu haionekani,
macho kama mbegu za papai.

Sivakolundu alifunga kizimba nyuma ya baiskeli,
akatandika gunia chini, walio tumboni wasirukeruke,
akakanyaga kilomita tano kando ya mfereji,
yeye na magoti yake mabovu,
akikwepa mashimo,
akiomba radhi kila tuta.

Penye mashamba ya mpunga akafungua.
Panya hakugeuka.
Abiria gani hugeuka?

Akarudi kuchonga. Mfenesi umekwisha,
akaokota kipande cha msaji, mguu wa kiti cha zamani.
Sikio limetoka dogo, limeinamia mbele,
rangi haikubali kushika.

Keshokutwa wanaume kumi na sita
watamwinua panya mabegani, na mungu juu yake,
wapite soko la samli, ngoma zikipasua kichwa,
naye katikati ya kelele zote hizo
ametega sikio.